Je, ni lazima kujifunika kichwa katika Misa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mama mkwe wangu, aliyekulia enzi za Misa ya Kilatini, hunikanya kila Jumapili ninapoingia kanisani bila kujifunika kichwa. Je, ninakosea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Milele amina. Hukosei, dada yetu, ingawa mama naye hakulibuni jambo hilo. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 1262, ziliwataka wanaume wawe vichwa wazi na wanawake wajifunike, hasa wanapoikaribia meza ya Bwana, desturi yenye mizizi katika maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho. Lakini sheria za mwaka 1983 hazikuirudia kanuni hiyo, na kwa hiyo anayejitanda mtandio au khanga hufanya hivyo kwa ibada yake mwenyewe, wala haifai kumzuia.

Linalobaki kwa wote, wanaume kwa wanawake, ni heshima. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1387, inafundisha kwamba mwenendo wa mwili na mavazi vionyeshe heshima, adhama na furaha ya saa ile Kristo anapokuwa mgeni wetu. Kitenge kilichofuliwa na kupigwa pasi kinatosha kabisa, na ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wapo wanaobaki nyumbani kwa kukosa suti au sare ya WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania. Sare ni alama ya chama, wala si sharti la kuingia kanisani.

Mweleze mama kwa upole, na siku mnayosali pamoja, ukijitanda khanga kwa kumheshimu, hutapungukiwa kitu.