Maswali yenu: siku tatu za kutembea Berlin

Wiki hii najibu wasomaji wanaopanga kupita Berlin kwa siku chache. Wengi wenu mnakuja Ujerumani kwa semina, masomo au kumtembelea ndugu, kisha mnabakiwa na siku mbili tatu za kuzunguka mji.

Nina semina Leipzig. Nikimaliza nitakuwa Berlin Ijumaa hadi Jumapili. Zinatosha? (Msomaji, Dodoma)

Zinatosha, mradi ukubali kuviacha vingine. Ijumaa panda basi namba 100 kutoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz. Ni basi la abiria wa kawaida na tiketi ni ile ile ya kila siku, ila linapita mnara wa Siegessäule, jengo la Bunge, jirani na Lango la Brandenburg, hadi Kisiwa cha Makumbusho. Panda ghorofani, ukae mbele kabisa. Ukifika mwisho, rudi kwa miguu pale palipokuvutia.

Jumamosi nenda kwenye Ukuta wa Berlin, ule uliougawa mji Mashariki na Magharibi. Wageni hukimbilia East Side Gallery, kipande chenye michoro kinachozidi kilomita moja, na kwa picha ni pazuri. Lakini kama una nafasi ya sehemu moja tu, chagua Bernauer Straße. Hapo nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, na njia iliyo mbele ya milango yao ilikuwa Magharibi. Ukuta ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, watu waliruka madirishani ili wavuke. Kuna mnara wa kutazamia mkabala: ukipanda unaona chini kuta mbili na ule uwanda mtupu wa katikati ambako waliojaribu kutoroka walipigwa risasi. Hakuna kiingilio. Tenga saa mbili, usiende haraka.

Kuba la kioo la Bunge nalo ni bure, ila unajiandikisha mapema mtandaoni kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na siku yenyewe unakwenda na pasipoti. Jumba la makumbusho la Pergamon usiliwekee matumaini, limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023. Sanamu ya Nefertiti iko jirani, Neues Museum. Jumapili nimekuwekea kitu kingine, soma swali la nne. Na manunuzi yako yamalize Jumamosi, kwa sababu Jumapili maduka mengi hufungwa isipokuwa yale ya kwenye stesheni kubwa.

Viza niombe lini? (Msomaji, Kisumu)

Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingia Ujerumani kwa muda mfupi, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Siku 15 ni kwenye karatasi tu. Foleni ya miadi peke yake inaweza kula wiki kadhaa, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000.

Treni zao zinanichanganya. Hakuna geti wala kondakta mlangoni. Unalipaje? (Msomaji, Muscat)

Unanunua tiketi kwenye mashine au kwenye simu kabla ya kupanda. Tiketi ya karatasi unaigonga muhuri kwenye kisanduku kidogo kilichopo jukwaani, na hapo ndipo inaanza kufanya kazi. Mimi wiki yangu ya kwanza nilinunua tiketi halali, nikaikunja vizuri mfukoni, nikapanda. Kijana aliyekaa mbele yangu, kavaa jinzi na mkoba mgongoni, akasimama na kutoa kitambulisho. Alikuwa mkaguzi. Tiketi isiyogongwa kwao ni sawa na kutokuwa na tiketi: faini euro 60. Niliumia sana, maana nilikuwa nimelipa. Tafadhali yasikukute.

Jambo jingine ni kanda za nauli. Mji wenyewe uko ndani ya A na B, uwanja wa ndege wa BER uko C. Ukitoka au kwenda uwanjani, nunua ABC.

Wazee wetu Lindi walisimulia habari za watu waliobeba mifupa mikubwa kichwani kutoka kilima cha Tendaguru. Mwanangu anasoma Berlin na nakwenda kumwona. Mifupa hiyo ipo wapi? (Mwalimu mstaafu, Lindi)

Shikamoo mwalimu. Ipo, na ninafurahi kwamba utakwenda kuiona wewe hasa.

Ni Museum für Naturkunde, Invalidenstraße 43. Treni ya chini ya ardhi U6, stesheni inaitwa Naturkundemuseum. Jumatatu wanafunga. Ukiingia ukumbi mkubwa utalazimika kuinua shingo: Giraffatitan, dinosaria wa Tendaguru, kimo mita 13.27. Simama karibu na mguu wa mbele. Nilipofika mara ya kwanza nilisogea pale nikajiuliza fupa kama lile lilifungwaje mzigoni, na likamfika begani nani.

Uchimbaji ulifanyika kuanzia 1909 hadi 1913. Mwalimu unajua vizuri kuliko mimi miaka hiyo ina maana gani kusini: vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907, na njaa iliyoachwa na vita ilikuwa imeua watu wengi. Katika hali hiyo mamia ya watu wakawa vibarua wa kuchimba, na wapagazi wakaubeba mzigo kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zilisafirishwa zaidi ya tani 200. Wajerumani waliosimamia, Janensch na Hennig, wanajulikana. Mkumbuke pia Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye jicho lake la kutambua mifupa walilitegemea sana. Karibu karne moja baadaye, 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Mwonyeshe mwanao jina hilo. Suala la kuirudisha mifupa limefika hadi bungeni kwetu, na mimi naona ni haki liendelee kuulizwa.

Mbali na mifupa, kuna mahali pengine Berlin panapotuhusu? (Msomaji, Tanga)

Pengi. Panda U6 hadi Afrikanische Straße, utakuta mitaa ya Sansibar, Uganda, Usambara, na mtaa wa mji wako pia upo, Tangastraße. Majina haya yaliwekwa kwa kujivunia makoloni. Barabara moja iliitwa Petersallee tangu 1939, kwa ajili ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Miaka mingi wakazi na wanaharakati waliipigania, na Agosti 2024 sehemu yake ikawa Maji-Maji-Allee. Karibu na Hermannplatz, mtaa wa Wissmann, gavana wa kikoloni, nao tangu 2021 ni Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro.

Kisha nenda Brunnenstraße namba 193. Usitazame juu, tazama chini. Kwenye njia ya miguu kuna kibati cha shaba cha sentimita 10 kwa 10, ambacho unaweza kukikanyaga bila kujua. Ni cha Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Alikuwa askari mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, hakuipata, akabaki. Alihudumia mezani, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili. Utawala wa Nazi ulimkamata 1941, na alifia kambini Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Ili usome lazima uiname. Mimi nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikamsomea Fatiha.

Chakula halali na sala? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Hapo hutapata shida, mama. Maeneo ya Kreuzberg na Neukölln yamejaa Waturuki na Waarabu. Tembea Sonnenallee jioni, utapata nyama ya kuchoma, falafeli na mikate ya moto, ila bado uliza kama ni halali kabla ya kuagiza. Weka euro za noti, vibanda vingine havipokei kadi. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm. Watoto chini ya miaka sita hawalipi nauli mjini, na makumbusho ya serikali yaliyopo Kisiwa cha Makumbusho ni bure kwa walio chini ya miaka 18.

Desemba panafaa? (Msomaji, Mwanza)

Kwa masoko ya Krismasi, ndiyo. Ila kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama, kwa hiyo mizunguko ya nje ifanye asubuhi. Koti zito unaweza kulinunua huku Berlin mtumbani kwa bei nafuu. Viatu visivyopitisha maji njoo navyo.