Visima vya Wete katika Ramani ya Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Nimerekodi kwa simu mahali vilipo visima vya shehia yetu, lakini nilipoviingiza katika QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, vyote vimeonekana kusini mwa Ethiopia. Nimekosea wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Wete iko karibu nyuzi 5.06 kusini ya ikweta na nyuzi 39.73 mashariki. Kompyuta huijua kusini kwa alama ya kutoa, kwa hiyo 5.06 isiyo na alama hiyo huhesabiwa kaskazini, na huko ndiko iliko Ethiopia. Andika -5.06. Hakikisha pia kuwa X ni longitudo (nyuzi za mashariki au magharibi) na Y ni latitudo (nyuzi za kaskazini au kusini), kwani ukizibadilisha visima vitaangukia Hispania.

Jambo ambalo wanaoanza hulipuuza mno, nami naliona kuwa ndiyo nguzo ya elimu hii, ni mfumo wa marejeo, yaani kanuni inayoamua nyuzi zihesabiwe vipi juu ya umbo la dunia. Simu hutumia WGS 84, mfumo wa dunia nzima, ilhali ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Ukizipandanisha bila kubadilisha mfumo, kisima kinaweza kusogea karibu mita 300, na anayekwenda kukitafuta asikione. Ukitaka kupima umbali kwa mita, hamishia data yako katika UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, kanda ya 37 Kusini, ambayo ndiyo kanda ya Unguja na Pemba.

Kisha, katika jedwali la visima vyako, ongeza safu za kina cha kisima, hali ya maji na tarehe ya kukaguliwa, maana nukta tupu haimsaidii sheha kuamua kipi kitengenezwe kwanza.