Swali la lugha: Kuwazidi wanadamu si kuzidi ubinadamu

Msomaji wetu wa Birere, hapa Goma, anauliza: "Mwalimu, nilitumiwa kwenye simu kichwa cha habari: 'Mwaka 2045 akili bandia itazidi ubinadamu.' Mkubwa wangu anasema wangeandika 'itapita', mimi nasema 'itashinda'. Nani ana haki?"

Mdogo wangu, wote wawili mna haki. Kupita ndiyo kwetu: sokoni Virunga mama anakuambia kitenge hiki ni kizuri kupita kile, na hakuna wa kumsahihisha. Kushinda kuna jambo zaidi. Mzazi akisema "mtoto huyu amenishinda", hasemi kwamba ameangushwa mieleka. Anasema hawezi tena kumwongoza. Geoffrey Hinton, mmoja wa waliozilea mashine hizi, alipotoka Google mwaka 2023 ili aseme kwa uhuru juu ya hatari zake, hofu yake ilikuwa hiyo hasa: zitatushinda. Basi ukiwa unaogopa, sema kushinda. Ukiwa unapima tu, sema kupita au kuzidi. Na "bandia" msiligombanie. Ni neno la mwana wa matambara wanaochezea wasichana, likaenda hadi kwenye meno bandia. Watanzania wengi wanasema akili mnemba, wengine akili unde, kutoka kuunda. Yote yanaeleweka.

Ugonjwa wa kichwa hicho uko kwenye "ubinadamu", na neno hilo likitumiwa hivyo linaniuma. Nalisikia redioni, nalisoma kwenye matangazo ya semina, wanafunzi wananiletea katika insha: "historia ya ubinadamu", "adui wa ubinadamu". Najua linatoka wapi. Mtu amefikiri kwa Kifaransa, akakuta "humanité", neno lenye mifuko miwili: mmoja umebeba watu wote wa dunia, mwingine umebeba huruma. Kiswahili kilitenga mifuko hiyo zamani. Binadamu ni bin Adamu, mwana wa Adamu, tulivyompokea kutoka Kiarabu. Ukimtia u-, hupati wana wa Adamu wengi, unapata tabia yao. Utoto si watoto. Uzee si wazee. Nani amewahi kusema "uzee umeketi barazani"? Watu wa dunia ni wanadamu, au walimwengu. Ubinadamu ni kile tunachomnyima mtu tukisema "yule hana ubinadamu".

Juzi, baada ya mvua, kijana alikuwa akipandisha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye barabara ya Majengo, magunia ya makaa yamefungwa juu yake kwa kamba za mpira. Gurudumu la mbele likazama katikati ya mawe ya volkano. Kijana aliinama mpaka kifua kikagusa usukani, miguu ikiteleza, chukudu haitoki. Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, asiyemjua kabisa, alilitua beseni chini, akakaza kitenge kiunoni, akasukuma kwa mikono miwili. Chukudu ikatoka. Mama akajitwika beseni lake akaenda, hata jina hakuulizwa. Mzee aliyesimama karibu nami akasema: "Huyo mama ana ubinadamu."

Sasa pima. Chukudu inamzidi kijana nguvu ya kubeba. Ndiyo sababu anayo. Inamzidi mama, inamzidi mzee, inatuzidi sote tuliokuwa pale. Lakini ubinadamu uliopita barabarani siku ile ulikuwa kwenye mikono ile miwili, haukuwa kwenye mbao.

Na sarufi inasema hivyo hivyo. Kuzidi hudai mzidiwa na kipimo: amenizidi umri, amenizidi mbio. Ukimwondoa mzidiwa, maana inageuka: "amezidi ukali", "amezidi uvivu", yaani sifa hiyo imevuka mpaka. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na Kiswahili akisoma "akili bandia itazidi ubinadamu", anaelewa kwamba mashine itakuwa na huruma kupita kiasi! Ukiandika "itatuzidi ubinadamu", itakuwa na huruma kuliko sisi. Mwandishi alitaka kutuonya, akatupa habari njema asiyoikusudia.

Kipimo ndicho kinachomfanya mtabiri awe na neno la kushikwa. Mwaka 1965 Herbert Simon, mmoja wa waanzilishi wa fani ya akili bandia, alisema kwamba ndani ya miaka 20 mashine zitaweza kufanya kazi yoyote anayoiweza mtu. Mwaka 1985 ulifika, hazikuweza. Alikosea, lakini tuliweza kumhukumu, kwa sababu alitaja kazi na akataja muda. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Hapo sema bila woga kwamba imemzidi sataranji. Mwaka 2016 programu ya kompyuta AlphaGo ilimfunga Lee Sedol, bingwa wa Go, mchezo wa ubaoni wa Asia, michezo 4 kwa 1: imemzidi Go. Hata ule mwaka 2045 ni wa Mmarekani Ray Kurzweil, mvumbuzi na mtabiri wa teknolojia, ambaye pia aliutaja 2029 kuwa mwaka wa mashine kufikia akili ya mtu. Kipimo chake ni akili. Aliyemtafsiri ndiye aliyekitupa njiani.

Wengine wananiandikia pia kwamba mashine hizi "zitageuza ubinadamu". Kama ni kazi, shule na matibabu, andika kwamba zitageuza maisha ya wanadamu. Lakini kama unaogopa kwamba siku moja yule mama ataona chukudu imezama, ainue simu aiulize cha kufanya, halafu apite, basi hapo "zitageuza ubinadamu" ni sahihi, kila herufi. Hofu hiyo ninayo mimi pia. Ndiyo maana sitaki neno lake litumike ovyo, tukaja kulihitaji tukalikuta limechakaa.

Mwambie mkubwa wako kwamba kichwa kile kingeandikwa hivi: "Mashine zitawazidi wanadamu akili ifikapo 2045, asema Kurzweil." Na hilo "asema" msilikate hata nafasi ikiwa ndogo.