Maswali Yenu: Sakafu ya Bafu Yenye Joto la Umeme

Bafu letu lina meta 2.3 kwa 2.0, sakafu ya zege. Tunabadilisha vigae na tunataka kuweka mkeka wa umeme chini yake. Ninunue wa ukubwa gani, na kazi ianzie wapi? – Mama Zuhura, Leicester, Uingereza

Mama Zuhura, usinunue kwa ukubwa wa chumba. Pima sakafu iliyo wazi tu. Kwenye meta za mraba 4.6 ondoa beseni la kuogea, choo na kabati: zinabaki kama 3. Mkeka ukilala chini ya kabati lililogusa sakafu, joto halina pa kutokea na waya huungua. Ukikosa saizi kamili, chukua ndogo, maana waya wa joto haukatwi kamwe. Kinachokatwa ni wavu unaoshikilia waya peke yake, pale unapogeuza mkeka kurudi upande wa pili.

Kwa wati 150 kila meta ya mraba, mkeka wako utakula wati 450, yaani ampea 2 hivi.

Zege tupu hunywa joto. Bandika kwanza bodi za kuhami joto za milimita 10, la sivyo utawasha saa nzima na vigae bado vya baridi. Malalamiko mengi ya bili huanzia hapo. Juu ya bodi tandaza mkeka, waya usipande juu ya mwenzake. Sensa, yaani kipima joto cha sakafu, ipite ndani ya kibomba chake, katikati ya mistari miwili ya waya, ili ikifa uivute bila kuvunja kigae. Kiungo cha waya wa joto na waya wa baridi (ule usiopata joto, unaoleta umeme) nacho kizikwe kwenye gundi ya vigae, kisipandishwe ukutani.

Pima ukinzani wa waya kwa multimita (kipima umeme) mara tatu: mkeka ukitoka boksini, ukishatandazwa, na vigae vikishabandikwa. Mkeka wa wati 450 kwa volti 230 husoma karibu omu 118. Andika kila kipimo. Waya mwingi hufa kwa ncha ya mwiko wa fundi vigae, na kipimo cha tatu ndicho kitakachosema ni kazi ya nani.

Gundi iwe ya kunyumbuka. Usiwashe kabla ya muda ulioandikwa kwenye mfuko. Mara nyingi ni siku 7 au zaidi. Kuwasha "kidogo tu kujaribu" hukausha gundi vibaya na vigae huachia.

Kuunganisha umeme mwachie fundi umeme aliyesajiliwa: kinga ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja (RCD) ni lazima, na themostati, yaani kidhibiti joto, ikae nje ya bafu.

Themostati inawaka lakini sakafu haipati joto. Nivunje vigae? – Msomaji, Birmingham

Subiri kwanza. Zima umeme kwenye swichi kuu, halafu fundi apime sensa. Nyingi husoma kiloomu 10 kwenye nyuzi 25. Isiposoma kitu, badilisha sensa. Ikiwa nzima, apime mkeka. Mkeka usiposoma kitu, waya umekatika, lakini fundi mwenye vifaa hupata mahali penyewe, hung'oa kigae kimoja na kuunga.

Naweza kutumia mkeka huohuo chini ya laminati sebuleni?

Hapana. Huko huwekwa mkeka wa foili (karatasi nyembamba ya alumini), bila gundi, na themostati ifungwe isipite nyuzi 27. Zulia zito lisiwe juu yake.