Kabla hujainua tenga, angalia maji

Anayeanza kazi ya kushusha samaki Feri, Kunduchi au Msasani macho yake huwa kwenye tenga. Anza na maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ya Dar hupanda na kushuka mita 3 na zaidi ndani ya saa 6 hivi. Boti iliyofungwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa, yakipwa inabaki inaning'inia. Kamba ya nailoni huvutika kwanza, na ikikatika humrudia kama bakora aliyesimama usawa wake. Kwa hiyo simama pembeni, na uilegeze kadiri maji yanavyoshuka. Usiizungushe mkononi eti upate nguvu ya kuvuta: wimbi moja tu likiisukuma boti, vidole vinakwenda. Wala usitie mguu kuikinga isigonge gati. Hiyo ni kazi ya tairi kuukuu.

Gambuti ni za sakafuni, penye magamba na utelezi. Ukishuka majini kupokea mzigo zivue, kwani zikijaa maji mguu haunyanyuki na tenga liko kichwani. Vaa raba za kufunga. Tembea kwa kuburuza nyayo, maana samaki aitwaye taa hujifukia mchangani: akisikia mtikisiko hukimbia, akikanyagwa huchoma.

Mwiba wa taa, tasi au hongwe una sumu hata samaki akiwa amekufa, ndiyo maana wazoefu hawapeleki mkono tengani bila kutazama. Ukichomwa mguuni au mkononi, osha jeraha, kisha lizamishe kwenye maji ya moto, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Mama ntilie wa jirani hakosi birika. Mwenzako ayapime kwa mkono wake, kwa sababu penye maumivu makali hutambui kama unaungua. Halafu nenda hospitali, hata maumivu yakitulia: kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, na kuna pepopunda. Mwiba ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe hapo mwaloni.

Petroli nayo: madumu yajazwe yakiwa chini ardhini, si ndani ya boti. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, usiuone. Mwenye sigara mwondoe, hata akiwa nahodha.