Sindano ilichukua kinyama au seli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu ana uvimbe mwishoni mwa uti wa mgongo, pale kwenye kifandugu. Daktari hapa Mbeya alisema, "Tumechukua kinyama tukakipime." Majibu yameandikwa "sampuli ya seli" na "uvimbe adimu, yawezekana ni kordoma". Mama anauliza nyama ilikatwa lini, mbona haoni kidonda? Lipi sahihi? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Mama ameona jambo ambalo wengi tunalipita.

"Kinyama" ni nyama iliyotiwa ki- ya udogo: kipande kidogo cha nyama. (Kile cha "aliuawa kinyama" ni kingine, ki- yake ni ya namna.) Neno limezaliwa wodini na nalipenda, maana mgonjwa analielewa upesi kuliko "biopsi". Ila linaahidi kipande, na sindano nyembamba haikati kipande. Inafyonza tone la ute; tone linapakwa juu ya kioo, linatiwa rangi, kisha linatazamwa kwa hadubini. Hizo ni seli, na aliyeandika majibu yuko sahihi. Sindano nene yenye kukata ndiyo hutoka na uzi mwembamba wa nyama, na huo ndio kinyama hasa.

Msidhani ni ufasaha tu. Kwenye uzi ule mtaalamu huona seli zilivyopangana; kwenye tone, seli nyingi huwa zimeachana. Seli za kordoma (aina ya saratani ya mfupa) hujaa vipovu, kama povu la sabuni, zikiwa ndani ya ute unaonata. Lakini saratani ya gegedu nayo huweza kuonekana hivyohivyo. Ndiyo maana pameandikwa "yawezekana". Nawaomba sana msilidondoshe neno hilo mnapowasimulia ndugu. Na daktari akihitaji sindano ya pili, ile nene, si lazima iwe kwamba ya kwanza ilikosewa.

"Adimu" ningelibadili. Adimu ni kitu kinachotakiwa kikakosekana, kama sukari ilivyoadimika madukani. Ugonjwa hautakiwi na mtu. Semeni "uvimbe nadra". Kordoma kweli ni nadra: kwa mwaka humpata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1.

Mama mwambie hivi: "Walifyonza seli kwa sindano, mama, hawakukata nyama, ndiyo maana huoni kidonda."