Jibu: Fleetwood Mac yako haina Rhiannon? Angalia kava kwanza

Habari ndugu. Unasema umenunua santuri imeandikwa Fleetwood Mac, ukaiweka ukitegemea kumsikia mwimbaji Stevie Nicks kwenye wimbo wa Rhiannon, ikatoka bluzi tupu na wanaume ndo wanaimba, sasa unahisi umeuziwa feki. Sio feki kaka. Bendi ile ina albamu mbili zenye jina hilohilo, ya 1968 (ya bluzi, ndo yako) na ya 1975 (yenye Rhiannon), hata mimi ilinikuta hapa Ngamiani, Tanga, nilinunua boksi zima kwa ajili ya santuri za bendi yetu ya Atomic Jazz nikaikuta hiyo ya 1968 chini kabisa imejaa vumbi.

Cheki kava. Ya 1968 ina uchochoro, pipa la taka na mbwa. Ila kava huwa zinabadilishwa na wauzaji, so geuza usome lebo ya katikati, ya zamani ni kampuni ya Blue Horizon, ya 1975 ni Reprise.

Sababu yenyewe ni kwamba bendi iliundwa London 1967 na mpiga gitaa Peter Green, akaondoka 1970, wakapita wapiga gitaa wengine mpaka Nicks na Lindsey Buckingham wakaingia mwishoni mwa 1974, ndo mambo yakageuka kabisa na 1977 ikaja albamu ya Rumours. Waliopo kwenye zote mbili ni Mick Fleetwood kwenye ngoma na John McVie kwenye besi.

Usiirudishe lakini! Weka wimbo wa I Loved Another Woman usiku kukiwa kimya, sikiliza Green anavyoiacha noti moja ining'inie kabla hajaimba tena. Mimi ile sahani siiuzi kwa bei yoyote.